Programu ya fedha ipimwe kama mizani

Msimu wa mavuno unapoanza katika nyanda za kati, kuanzia mwezi Mei, Kibakwe huchangamka. Karanga, alizeti, ufuta na mahindi hushuka kutoka vijijini kwa pikipiki, mikokoteni na malori, na wanunuzi kutoka Mpwapwa, Dodoma mjini na kwingineko hupiga kambi. Kitu cha kwanza ambacho mkulima mwenye uzoefu hukitazama ni mizani. Hutazama kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, kama mshale unaanzia sifuri, na kama gunia halijajazwa lumbesa.

Kitu cha pili ambacho siku hizi hupima mali yake hakitazamwi na mtu. Hicho ni programu ya kompyuta iliyomo ndani ya simu ya mnunuzi, katika kompyuta ya ghala au katika mashine ya dukani. Programu hiyo ndiyo huzidisha kilo kwa bei, hukata makato, hutuma malipo na kuandika nani anamdai nani. Mizani ikipunja kilo mbili, gulio zima litapiga kelele. Programu ikipunja, mteja huambiwa kwamba kompyuta haikosei, naye huondoka kichwa chini.

Kauli hiyo si ya kweli, na imekwisha kuwagharimu wafanyabiashara wengi duniani. Kompyuta hufanya kile ilichoandikiwa, na aliyeiandikia ni binadamu anayekosea kama karani yeyote. Kwa hiyo programu inayogusa fedha haina budi kupimwa na mtu asiyeitengeneza kabla haijaanza kuhesabu fedha za watu. Mfanyabiashara anayeinunua naye ana haki ya kuuliza ni nani aliyeipima.

KUBONYEZA MARA MBILI

Chukulia mfano wa mnunuzi wa karanga aliyekaa Kibakwe siku ya gulio. Anawalipa wakulima 20 kwa simu, kila mmoja Sh. 180,000, akitumia programu aliyotengenezewa na kijana wa mjini. Mtandao unasuasua, jambo ambalo si geni kwa yeyote aliyewahi kufanya biashara mbali na mnara. Anabonyeza kutuma, skrini inaganda. Anasubiri, haoni kitu, anabonyeza tena. Je, programu inatambua kwamba huyu ni mkulima yule yule na malipo ni yale yale, au inamlipa mara mbili?

Ikilipa mara mbili, na hilo likatokea kwa wakulima watatu tu, zimekwenda Sh. 540,000. Mnunuzi ambaye faida yake ni Sh. 6,000 kwa gunia atalazimika kununua na kuuza magunia 90 mengine ili arudi pale alipokuwa asubuhi.

Kijana aliyeandika programu hiyo hakuwa na nia mbaya. Aliiandikia mezani mjini, mtandao ukiwa mzuri, akaijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Alibonyeza mara moja kwa sababu yeye anajua kwamba hubonyezwa mara moja. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwenye kuandika programu huijaribu katika njia ile ile aliyoifikiria wakati wa kuiandika, na njia ambayo hakuifikiria hubaki bila kukanyagwa mpaka siku mteja atakapoikanyaga.

Mfano huu una ndugu yake wa kweli. Mwezi Oktoba 2015, katika ofisi ya posta ya Dalmellington huko Scotland, mhudumu aliingiza katika mfumo wa kompyuta pauni 8,000 za fedha taslimu alizopelekewa. Skrini haikuondoka kama ilivyopasa. Akabonyeza tena na tena. Mfumo ukaandika kwamba amepokea mara nne, yaani pauni 32,000, na hivyo akaonekana ana upungufu wa pauni 24,000 ambazo hakuwahi kuziona.

Mfumo huo uliitwa Horizon. Ulitengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilimezwa na Fujitsu ya Japani, na ulianza kusambazwa katika ofisi za posta za Uingereza mwaka 1999. Wengi wa waliokuwa wakiziendesha ofisi hizo walikuwa wafanyabiashara wadogo wenye duka la kawaida na dirisha la posta ndani yake. Mkataba wao uliwadai wafidie upungufu unaoonekana katika hesabu. Kompyuta ilipoonyesha upungufu, waliambiwa walipe. Wengine waliuza nyumba na wengine walikopa kwa ndugu.

Kati ya mwaka 1999 na 2015, shirika la posta la Uingereza liliwafungulia mashtaka zaidi ya watu 700 kwa makosa ya wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, likitegemea ushahidi wa mfumo huo. Baadhi walifungwa jela. Mahakama wakati huo zilichukulia kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na mwenye duka hakuwa na njia ya kuzifikia kumbukumbu za ndani za mfumo ili aonyeshe vinginevyo.

Ilichukua mpaka Desemba 2019 kwa Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi iliyofunguliwa na watu 555 wakiongozwa na Alan Bates, kuamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kuleta upungufu wa uongo katika hesabu za ofisi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria maalumu ya kufuta hukumu za waliobaki. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

KURA ZILIZOZIDISHWA KWA NANE

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa na mfumo wa kurusha matokeo ya awali kwa njia ya elektroniki hadi Bomas of Kenya, jijini Nairobi. Saa zilivyokwenda, wananchi waliona kwenye skrini idadi ya kura zilizokataliwa ikipanda hadi kupita 300,000. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kuwa programu ilikuwa na hitilafu iliyozidisha kura hizo kwa nane. Hesabu ya mwisho, iliyofanywa kwa fomu za karatasi, ilionyesha takriban 109,000.

Jambo hilo halikuwa dogo. Mshindi, Uhuru Kenyatta, alitangazwa kuwa na asilimia 50.07, na Katiba ya Kenya inadai zaidi ya nusu ya kura. Ubishi wa kama kura zilizokataliwa zihesabiwe katika kukokotoa asilimia au zisihesabiwe ulifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba zisihesabiwe. Katika hali kama hiyo, skrini inayozidisha kura kwa nane ni njiti ya kiberiti karibu na pipa la petroli.

Hitilafu ya namna hiyo hugunduliwa kwa jaribio dogo mno. Mtu mmoja aingize kura 10 zilizokataliwa kutoka kituo kimoja cha kubuni, kisha atazame skrini inaonyesha ngapi. Ikionyesha 80, kazi irudi kwa fundi. Halafu aingize vituo viwili, kisha 100, kisha vyote kwa pamoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

KUJARIBU NA KUKAGUA

Mafundi wa fani hii hutenganisha mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya.

La kwanza ni majaribio. Programu huendeshwa kwa takwimu ambazo jibu lake linajulikana tayari, kisha jibu la kompyuta hulinganishwa na jibu sahihi. Hujaribiwa kipande kimoja kimoja, kwa mfano hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani peke yake, kisha vipande vyote vikiwa vimeunganishwa. Hujaribiwa pia mambo ya ajabu kwa makusudi, kama kilo sifuri, bei yenye senti, mteja anayerudisha mzigo, umeme unaokatika katikati ya muamala, au wauzaji wawili wanaouza gunia la mwisho kwa wakati mmoja. Kila hitilafu inayopatikana huandikiwa jaribio lake la kudumu, ili fundi akibadilisha kitu mwakani, kosa la mwaka huu lisirudi kwa mlango wa nyuma. Majaribio hayo huandikwa yenyewe kama programu, na kompyuta huyaendesha yote kwa dakika chache kila mabadiliko yanapofanyika.

La pili ni ukaguzi wa maandishi ya programu. Hapa programu haiendeshwi. Fundi mwingine huketi na kusoma mstari kwa mstari kile mwenzake alichoandika, kama mkaguzi wa hesabu anavyosoma leja, na huuliza kwa nini hapa umeandika hivi, na je, mtandao ukikatika kati ya mstari huu na ule itakuwaje. Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha mwaka 1976 utaratibu rasmi wa ukaguzi wa aina hiyo. Katika kampuni makini za leo, hakuna badiliko linaloingia katika mfumo mkuu mpaka mtu wa pili alisome na kuliidhinisha kwa jina lake, na kumbukumbu ya idhini hiyo hubaki.

Vyote viwili vinahitajika. Majaribio huweza kuonyesha kwamba kosa lipo, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba halipo, kwa kuwa hakuna anayeweza kujaribu kila hali. Ukaguzi hugundua kosa ambalo hakuna aliyewaza kulijaribu, ila jicho la binadamu nalo huchoka na kupitwa na herufi moja. Ni sawa na ghala lenye kufuli na mlinzi. Hakuna mwenye ghala anayemwachisha kazi mlinzi kwa sababu amenunua kufuli.

WALIOONYA HAWAKUSIKILIZWA

Katika kisa cha Horizon kuna jambo ambalo linapaswa kuwafikirisha zaidi wenye mitaji. Ukaguzi ulifanyika. Mwaka 1998, kabla mfumo haujasambazwa, kikosi kazi ndani ya ICL kilisoma maandishi ya sehemu ya programu iliyohusika na mauzo ya kaunta. Ripoti yake ilikuwa kali. Ilitoa mfano wa kipande kilichokusudiwa kubadili tarakimu ya jumlisha kuwa ya kutoa. Kazi hiyo huhitaji kuweka alama ya kutoa mbele ya tarakimu basi, lakini mwandishi wake aliizunguka kwa kuzidisha na kutoa, hata wakaguzi wakatilia shaka kama alielewa hesabu za msingi.

Waliofanya kazi hiyo walitaka sehemu hiyo ifikiriwe kuandikwa upya. Haikuandikwa upya. Muda ulikuwa umekwenda, fedha zilikuwa zimetumika, na wakubwa walitaka mfumo utoke. Ripoti ilikuja kujulikana kwa umma zaidi ya miaka 20 baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi.

Funzo lake kwa mwenye biashara ni kwamba ukaguzi usio na uwezo wa kusimamisha kazi ni mapambo. Ofisa wa Vipimo ana nguvu kwa sababu anaweza kuizuia mizani isitumike, na mwenye mizani analijua hilo. Mkaguzi wa programu naye apewe mamlaka ya kusema bado, na bosi aliyeahidi tarehe ya uzinduzi asubiri.

DAKIKA 45 ZA KNIGHT

Kwa wale wanaonunua hisa, kuna kisa kingine cha kuweka akilini. Knight Capital ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za biashara ya hisa nchini Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 2012 ilikuwa na programu mpya tayari kwa kazi. Mafundi walikuwa wameiweka katika seva saba kati ya nane, na ya nane ikasahaulika. Katika seva hiyo kulikuwa na programu ya zamani, isiyotumika kwa miaka, ambayo hakuna aliyekuwa ameiondoa. Soko lilipofunguliwa, programu hiyo ya zamani iliamka na kuanza kumimina maagizo ya kununua na kuuza.

Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 za Marekani. Ilinusurika kwa kuingiza wenye mitaji wapya, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilipochunguza ilibaini kwamba hapakuwa na fundi wa pili aliyepitia kazi ya yule aliyeweka programu, wala utaratibu wa maandishi uliodai afanye hivyo. Mwenye hisa wa Knight aliyelala akiwa na mali aliamka akiwa na karatasi iliyoporomoka, na kasoro yenyewe ilikuwa ya jozi moja ya macho.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na miongoni mwa kampuni zilizoorodheshwa humo tangu hapo ni benki za NMB na CRDB na kampuni ya simu ya Vodacom. Biashara ya kampuni za namna hiyo inasimama juu ya programu. Mwekezaji mdogo huzoea kusoma faida, gawio na bei ya hisa. Inafaa pia asome sehemu ya taarifa ya mwaka inayoeleza vihatarishi vya mifumo na kazi ya ukaguzi wa ndani, na katika mkutano mkuu anyanyue mkono aulize mabadiliko ya programu huidhinishwa na nani.

GHARAMA NI YA NANI?

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya mabenki, na kwamba ukimwambia fundi mdogo aajiri mkaguzi, bei ya programu itapanda na mwenye duka wa Kibakwe atarudi kwenye daftari. Hoja hiyo ina uzito. Tuseme programu ya duka inauzwa Sh. 1,500,000. Siku tatu za fundi wa pili zitaongeza kitu katika bei hiyo. Lakini mnunuzi wa karanga wa mfano wa awali alipoteza Sh. 540,000 katika gulio moja, na hajui ni magulio mangapi yamepita. Tena kosa lililopatikana mezani hurekebishwa kwa saa moja. Likipatikana baada ya mwaka, kuna mauzo ya mwaka mzima ya kupitia, wateja wa kuomba radhi, na pengine kesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aidha, kuna njia nafuu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya masomo ya kompyuta, na vijana wanaojiajiri katika kazi hii si wachache. Wawili wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja atasoma na kujaribu kazi ya mwenzake kabla haijauzwa. Kinachohitajika hapo ni muda na uungwana wa kukubali kukosolewa.

Kwa upande wa Serikali, baadhi ya milango ina walinzi. Watoa huduma za malipo hupata leseni Benki Kuu. Mashine za kielektroniki za risiti, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huuzwa na wasambazaji walioidhinishwa na TRA. Mifumo ya taasisi za umma inasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya sheria ya mwaka 2019. Lakini programu ya madeni ya duka, ya stoo ya mazao au ya michango ya kikundi haiji na stika ya Vipimo. Hapo mlinzi ni mnunuzi mwenyewe.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Mlinzi huyo hahitaji kujua kuandika programu, kama vile mkulima asivyohitaji kujua kuunda mizani. Anahitaji maswali machache. Nani, mbali na mwandishi, ameisoma? Orodha ya majaribio iko wapi, na ni yapi yaliyoshindwa mwanzoni? Fundi anayejibu kwamba hakuna hata moja lililoshindwa ama hakujaribu ama hasemi kweli. Kosa likipatikana baada ya kuuziwa, nani atalirekebisha na kwa muda gani? Je, kila muamala unaacha kumbukumbu ambayo mwenye duka mwenyewe anaweza kuiona na kuichapisha? Swali hili la mwisho ndilo ambalo wenye posta wa Uingereza hawakupata jibu lake, na baadhi yao walikwenda jela.

Kisha ajaribu mwenyewe. Auze kitu kimoja cha kubuni, abonyeze mara mbili makusudi. Azime mtandao katikati ya malipo. Arudishe mzigo. Aweke kilo 0. Mwisho wa siku afunge hesabu na kulinganisha na fedha zilizo mezani. Kwa mwezi mzima wa kwanza aendeshe daftari na kompyuta sambamba. Kila jioni vikipishana, hata kwa Sh. 50, atafute sababu mpaka aipate, wala asikubali kuambiwa kwamba daftari ndilo limekosea kwa kuwa ni daftari.

Malipo ya mwisho ya fundi nayo yasubiri mwezi huo uishe. Mnunuzi wa mazao hamlipi mkulima kabla gunia halijapanda kwenye mizani, na fundi wa programu hana sababu ya kutendewa tofauti.